Kibali cha Kutoa Vitu vya Kale Nchini

Watu wa Kisumu na wa mwambao wa Ziwa Viktoria huulizana mara kwa mara jambo hili: kigoda alichoachiwa mtu na babu yake, ngao iliyoangikwa ukutani, au jiwe lenye umbo la jino lililookotwa korongoni baada ya mvua, je, mwenye kitu hicho aweza kumwuzia mgeni, au kumpelekea mwanawe aliye Ulaya, bila ya kumwuliza mtu yeyote? Wako wanaojibu kwamba mali ni ya mwenye mali. Wako na wengine wasemao kwamba kila kitu cha zamani ni cha Serikali. Majibu yote mawili yana kasoro. Katika somo hili tutaeleza sheria ya Kenya inavyosema juu ya kutoa vitu hivyo nchini, na kwa nini inasema hivyo, na tutaanza na jambo lililotokea katika kisiwa cha Rusinga, kwa maana mfano huo wafundisha kuliko vifungu vingi vya sheria.

FUVU LA RUSINGA

Mwezi wa Oktoba 1948 Bibi Mary Leakey alikuwa Rusinga pamoja na mumewe, Dk. Louis Leakey, wakitafuta mifupa ya kale iliyogeuka kuwa mawe, ambayo wataalamu huiita visukuku. Akaona vipande vya mfupa mtelemkoni, na jino limetokeza udongoni. Alipochimbua polepole akapata sehemu kubwa ya fuvu la kichwa, pamoja na uso na mataya. Lilikuwa fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi kiasi cha miaka milioni 18 iliyopita, na mpaka siku ile hakuna mtu aliyekuwa ameuona uso wa sokwe wa zamani namna ile.

Jina la mnyama huyo, Proconsul, lilikuwa limekwisha kutolewa huko London mwaka 1933 na Bwana Hopwood, kwa ajili ya vipande vilivyochimbuliwa Koru, upande wa mashariki wa Kisumu. Vipande hivyo vya Koru vilipelekwa Uingereza, na viko London hata leo. Fuvu la Rusinga nalo likafuata njia ileile. Mwaka uleule wa 1948 Bibi Leakey alisafiri nalo kwa ndege, akalibeba mwenyewe asithubutu kuliweka pamoja na mizigo, akalifikisha Oxford kwa Profesa Le Gros Clark ili alichunguze. Baadaye likawekwa katika Makumbusho ya Viumbe vya Asili ya London.

Miaka ikapita. Kenya ikapata uhuru mwaka 1963, na makumbusho ya Nairobi yakaendelea kukua mpaka yakawa na wataalamu wake na mahali salama pa kuwekea vitu kama hivyo. Kenya ilipotaka fuvu lirudishwe, likazuka bishano: je, fuvu hili lilitolewa kuwa zawadi, au liliazimwa tu? Aliyeshika kitu kwa zaidi ya miaka 30 huanza kukihesabu kuwa chake, wala si lazima awe mtu mbaya. Wale waliopokea kitu hustaafu, wanaokuja nyuma yao hukuta kitu kimo kabatini, na hakuna awezaye kukumbuka maneno yaliyosemwa kwa mdomo. Lililokata shauri ni maandishi. Karatasi za wakati ule zilipopatikana, zilionyesha kwamba fuvu lilitolewa kwa mkopo, nalo likarudi Nairobi mwaka 1982.

Msomaji afikiri kidogo juu ya jambo hilo. Kama mwaka 1948 mambo yote yangalimalizika kwa kushikana mikono, leo fuvu la Rusinga lingalikuwa London pamoja na vile vipande vya Koru.

Kurudi kwake kulileta na faida nyingine. Katika makumbusho ya Nairobi vilikuwamo vipande vya mifupa vilivyookotwa Rusinga mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya fuvu kuonekana, navyo vilikuwa vimewekwa pamoja na mifupa ya kobe. Vilipotazamwa vizuri, ikaonekana kwamba baadhi yake si vya kobe hata kidogo, bali ni vya fuvu lilelile. Vikaunganishwa, na mwaka 1983 wataalamu wakatangaza kipimo cha ubongo wa mnyama huyo. Kwa muda wa miaka zaidi ya 30 kichwa kimoja kilikuwa kimegawanyika, uso uko Uingereza na vipande vingine viko Nairobi, wala hapakuwa na aliyejua. Mwaka 1993 mnyama huyo alipewa jina la heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji wa Dk. Leakey, na mwaka 2015 jina la Proconsul likaondolewa kwake, akaitwa Ekembo, neno la Kisuba lenye maana ya sokwe. Wasuba ndio wenyeji wa Rusinga na Mfangano, kwa hiyo twaona jina hilo limemfaa kuliko lile la kwanza, lililotokana na sokwe mmoja wa maonyesho aliyeitwa Consul.

SHERIA INAVYOSEMA

Kenya imekuwa na sheria za kulinda majengo na vitu vya kale tangu mwaka 1927. Inayotumika sasa ni Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1983. Sheria hii haikatazi vitu visitoke nchini kabisa. Yasema kwamba mtu awaye yote asitoe kitu cha kale, au kitu kilichohifadhiwa, au sehemu ya jengo la kumbukumbu, isipokuwa awe na kibali cha kukitoa. Kibali hicho hutolewa na Waziri anayehusika na urithi wa taifa, naye hushauriana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kibali chaweza kuwa na masharti, na maombi yaweza kukataliwa.

Sasa kitu cha kale ni kipi? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Sheria yataja mwaka: kitu chochote kiwezacho kuhamishwa, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, ni kitu cha kale. Mabaki ya watu, ya wanyama na ya mimea ya umri huo nayo yamo. Basi chungu kilichofinyangwa wakati wa wazee wa wazee wetu ni kitu cha kale hata kama kimevunjika ukingo, na hata kama kuku wanakinywea maji. Vitabu na hati hazimo katika maana hiyo. Mwenye barua au daftari za zamani aulize Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ambayo ina sheria yake.

Kitu kilichohifadhiwa ni jambo jingine. Hicho chaweza kuwa si cha zamani sana, lakini kimetajwa na sheria au kimetangazwa na Waziri katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mfano uliotajwa waziwazi ni milango na miimo yake iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946, na kila aliyefika Lamu ataelewa kwa nini milango ikapewa kifungu chake.

Vitu vipya havimo. Vinyago vya mawe ya sabuni kutoka Tabaka, vikapu, vyungu vya sokoni, na nyatiti iliyotengenezwa mwaka huu kwa ajili ya kuuzwa, hivyo ni biashara halali, na fundi asiogope kumwuzia mgeni. Lakini kama kitu kipya kimetengenezwa kwa mfano wa kitu cha kale, ni busara kukipeleka kwanza kwenye makumbusho kikaangaliwe, kuliko mgeni kuzuiwa uwanja wa ndege hali ndege inangoja.

KITU KILICHOTOKA ARDHINI

Katika nchi ya ziwa jambo hili lataka kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ardhi yenyewe imejaa vitu. Rusinga, Maboko, Koru, Kanjera, Kanam chini ya mlima wa Homa, yote haya ni majina yanayojulikana na wataalamu wa dunia nzima. Mvua kubwa ikinyesha, udongo huondoka na mifupa ikabaki juu. Anayeiona kwanza si mtaalamu aliyetoka ng'ambo, ila ni mtoto anayechunga mbuzi, au mama anayepalilia mtama.

Kitu cha namna hiyo kilicholala ardhini si cha aliyekiona, wala si cha mwenye shamba. Vitu vya kale vilivyogunduliwa tangu sheria hiyo ianze kutumika ni mali ya Serikali. Aliyekigundua hana budi kuarifu Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku 7, akaeleza mahali hasa alipokiona na jinsi alivyokiona, na kitu chenyewe akabidhi kwao. Na kama ni mifupa iliyoshikwa na mwamba, twamshauri asiichokoe kwa panga. Aweke alama, akimbie kwa mwalimu au kwa chifu, nao wapeleke habari Kisumu.

Kwa nini mahali hasa patakiwe? Kisa cha Kanam chatosha kueleza. Mwaka 1932 mmoja wa watu wa Dk. Leakey, Juma Gitau, alipata hapo kipande cha taya ambacho Dk. Leakey alikitangaza kuwa cha binadamu wa kale sana. Mahali penyewe paliwekewa vigingi vya chuma. Mwaka 1935 Profesa Boswell alitoka Uingereza kuja kupaona, na vigingi havikuwapo. Chuma ni chuma, na inasemekana wavuvi walikuwa wameving'oa wakafanyia ndoana na mikuki. Picha zilizopigwa mwanzoni nazo zilikuwa zimeharibika. Basi hakuna aliyeweza kuonyesha kwa hakika taya lilitoka katika tabaka gani la udongo, na Boswell akaandika kwamba habari ile haiwezi kutegemewa. Taya likabaki, ila ushahidi wake ukapotea. Si haki kuwalaumu wavuvi, kwa kuwa hatujasikia kwamba kuna aliyewaeleza vigingi vile vilikuwa vya nini.

NGOZI, MENO NA MANYOYA

Kuna jambo ambalo waombaji hulisahau. Mavazi ya ngoma na ya wazee wa Kijaluo yalikuwa na meno ya kiboko, ngozi za wanyama na manyoya ya mbuni. Kitu kama hicho kina wakubwa wawili. Kwa umri wake chaweza kuwa chini ya sheria ya urithi, na kwa vitu vilivyotumika chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Biashara ya nyara za wanyama ilipigwa marufuku Kenya mwaka 1978, na mapatano ya nchi nyingi juu ya wanyama walio hatarini yataka kibali chake peke yake. Kibali kimoja hakichukui mahali pa kingine. Mtu akiwa na karatasi ya Waziri kwa ajili ya kofia ya babu yake, na meno ya kiboko yaliyomo hayana karatasi, atazuiwa.

JINSI YA KUOMBA

Anayekaa Kisumu au karibu na ziwa aanzie Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980 kando ya barabara ya kwenda Ahero. Huko ndiko kulikojengwa boma la Kijaluo lenye nyumba zake zote, liitwalo Ber gi Dala. Kibali hakitoki hapo, lakini watumishi wake waweza kukitazama kitu, wakasema kama ni cha kale au si cha kale, na wakamwonyesha mwombaji njia ya kupeleka maombi Nairobi. Twashauri mtu asinunue tikiti ya ndege kwanza ndipo aombe kibali. Maombi yanayohitaji kupita kwa wataalamu na kufika kwa Waziri hayamalizwi kwa siku mbili.

Katika barua ya maombi, mambo yafuatayo yaandikwe bila ya kuficha. Kitu ni nini, kimetengenezwa kwa nini, urefu na upana wake ni kiasi gani, na kina alama gani, kama vile ufa au kiraka, ambazo zitakitambulisha kati ya vingine mia vinavyofanana nacho. Kilitoka kijiji gani na mikononi mwa nani. Kinakwenda wapi, kwa nani, na kwa kazi gani. Hasa hasa iandikwe kama kinakwenda na kurudi, na kama kinarudi, basi ni tarehe gani. Hilo ndilo neno lililogombaniwa kwa ajili ya fuvu la Rusinga. Mtu akiandika "kwa ajili ya uchunguzi" peke yake, hajasema neno. Aandike "kwa mkopo, kwa ajili ya uchunguzi, kurudishwa kabla ya tarehe fulani", na atakayekipokea atie sahihi yake chini ya maneno hayo.

Picha zipigwe kila upande. Nguvu ya picha imekwisha kuonekana pwani. Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee wa Kimijikenda akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliokufa. Muda mfupi baadaye vigango vikaibiwa. Miaka mingi ikapita mpaka vikatambuliwa katika makumbusho mawili ya Marekani, na kilichothibitisha kwamba ni vile vile ni ile picha. Mwaka 2007 vilikuwa vimekwisha kurudi Kenya, lakini mzee mwenyewe alikuwa amefariki.

Kitu kilichokwisha pata kibali kipite mahali penye maofisa wa Forodha, na kibali kionyeshwe kwao kabla kitu hakijavuka. Na hapa tutaje jambo la ziwa. Mpaka wa Kenya umepita majini, na watu wa ng'ambo zote ni ndugu. Mjaluo wa Kisumu ana mashemeji Rorya, katika Tanzania, na mvuvi wa Mfangano ana rafiki katika visiwa vya Uganda. Mtu aweza kuona ni kichekesho kuomba kibali cha Waziri kwa ajili ya kigoda kinachopelekwa arusini kwa mtumbwi. Lakini sheria haipimi umbali, wala haiulizi undugu. Kitu cha kabla ya 1895 kikivuka kwenda Uganda au Tanzania kimetoka Kenya, sawasawa na kilichokwenda London. Kigoda cha juzi kitakwenda arusini bila ya shaka yoyote. Cha zamani sana, yafaa kibaki nyumbani, na bibi arusi apelekewe kingine.

WANUNUZI WANAOZUNGUKA VIJIJINI

Kuna watu wanaozunguka wakinunua vitu vya wazee kwa bei ndogo, na mara nyingi huja wakati wa shida, kama vile ada za shule zinapodaiwa au baada ya matanga. Sheria haimnyang'anyi mtu kitu alichorithi. Kigoda cha babu kikikaa nyumbani ni cha nyumba ile. Lakini mnunuzi asemaye kwamba atakipeleka ng'ambo aulizwe kibali chake kiko wapi, na mwenye kitu awaulize Makumbusho kabla ya kupokea fedha. Mnunuzi wa haki hatakasirika kwa kungojeshwa juma moja.

Vilivyokwisha kutoka si vichache. Kazi ya kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo katika makumbusho ya nchi za nje, iliyoanzishwa mwaka 2018 na Makumbusho ya Taifa pamoja na wenzao wa Ujerumani na wasanii, imekwisha kupata vitu zaidi ya 32,000 katika makumbusho 30. Vingi vya vitu vya namna hiyo vina maelezo mafupi sana: jina la kabila, pengine jina la aliyekusanya, na basi. Kijiji hakikutajwa, wala aliyekitengeneza, wala kama kilinunuliwa, kilitolewa kwa hiari au kilichukuliwa kwa nguvu. Mtu wa Asembo au wa Kano akienda leo kuuliza habari za ngao ya ukoo wake, ataonyeshwa ngao nyingi, naye hatajua aanzie wapi.

Kwa hiyo aliyepata kibali asiridhike na karatasi moja. Nakala moja isafiri na kitu, nyingine ikae Makumbusho, na ya tatu ibaki katika nyumba kilimotoka, imefungwa pamoja na picha mahali pasipofika mchwa. Kitu kikirudi kwa tarehe iliyoandikwa, mwenyewe akipokee mbele ya watumishi wa Makumbusho, wakilinganishe na picha, ufa kwa ufa, ndipo atie sahihi ya kupokea.